Thurgood Marshall: Wakili aliyepigania kiti cha mwanafunzi darasani

WATU wengi wakilisikia jina la Thurgood Marshall humkumbuka jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wachache hukumbuka kwamba safari yake ilianza kwa kukosa nafasi ya shule karibu na nyumbani, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu mambo anayoyafahamu mzazi yeyote: karo, nauli, umbali wa kwenda shule na kiti cha kukalia darasani.

Marshall alizaliwa Julai 2, 1908 mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland. Baba yake, William, alikuwa mhudumu katika mabehewa ya chakula ya treni na baadaye akafanya kazi katika klabu ya matajiri wa Kizungu. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu wa shule. Kwa simulizi za ukoo wao, mmoja wa mababu zake alichukuliwa utumwani kutoka Kongo.

Mzee William hakusoma sana, lakini siku za mapumziko alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi. Mezani aliwabishia wanawe hadi watoe ushahidi wa kila walichosema. Shuleni Thurgood alikuwa mtundu, na adhabu yake ilikuwa kupelekwa chumba cha chini akiwa na nakala ya Katiba ya Marekani ili akariri sehemu yake. Kwa utundu huo alijikuta ameijua karibu yote.

Humo alisoma kwamba raia wote wanalindwa sawa na sheria. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anasoma katika shule ya weusi peke yao.

Utengano huo ulikuwa na baraka za mahakama. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy iliyohusu mabehewa ya treni, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo linaweza kuwatenganisha weusi na weupe mradi huduma ziwe sawa. Kesi ilikuwa ya treni, lakini hoja yake ikatumika kwa shule pia. Utengano ulitekelezwa kikamilifu, ila usawa haukutekelezwa.

Mwaka 1930 Marshall alihitimu Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, chuo ambacho baadaye alisoma Kwame Nkrumah wa Ghana. Alitaka kusomea sheria. Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa hapo hapo Baltimore, lakini haikuwa ikipokea weusi.

Ikabidi aende Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, umbali wa kilomita 60 hivi. Alipanda treni alfajiri na kurudi usiku kila siku, kwa kuwa hakuwa na fedha za kupanga chumba. Ili karo ipatikane, mama yake aliweka rehani pete zake za uchumba na ndoa. Mwaka 1933 Marshall akamaliza akiwa wa kwanza darasani.

Huko Howard alifundishwa na Charles Hamilton Houston, mkuu wa shule ya sheria aliyewataka wanafunzi wake waitumie sheria kubadili maisha ya watu wao. Houston alikuwa mkali, na wengi walishindwa masomo yake. Marshall alishikamana naye, na baada ya kuhitimu wakaanza kazi pamoja.

Kesi yao kubwa ya kwanza ilikuwa dhidi ya chuo kile kile. Donald Gaines Murray, kijana mweusi mwenye shahada ya Chuo cha Amherst, aliomba kusoma sheria Maryland akakataliwa. Serikali ya jimbo ilijitetea kwamba haikumnyima elimu. Ilisema imetenga dola 10,000 za ufadhili, dola 200 kwa kila mwanafunzi mweusi atakayekwenda kusoma nje ya jimbo.

Kwa mtu asiyefuatilia, mpango huo ungeonekana kuwa msaada. Kumbe ulikuwa njia ya kumwondoa mwanafunzi. Fedha hizo zilikuwa za karo tu, si za nauli, chumba wala chakula, na waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi. Isitoshe, mtu anayetaka kuwa wakili Maryland alihitaji kujifunza sheria za Maryland, si za jimbo la mbali.

Juni 1935 jaji wa Baltimore aliamuru Murray apokewe. Januari 1936 Mahakama ya Rufaa ya jimbo ilikubali uamuzi huo. Wakati huo Murray alikuwa tayari darasani tangu Septemba, na mwaka 1938 alihitimu. Mlango uliofungwa mbele ya Marshall ukawa umefunguka kwa mwingine, miaka mitano tu baadaye.

Si kila aliyeshinda kesi alikalia kiti chake. Lloyd Gaines wa Missouri, aliyetetewa na Houston, alishinda katika Mahakama ya Juu Desemba 1938. Miezi michache baadaye, mwaka 1939, alitoweka mjini Chicago na hakuonekana tena. Shule ya sheria aliyoipigania hakuwahi kuisoma.

Heman Sweatt, mfanyakazi wa posta mjini Houston, aliomba kuingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1946. Badala ya kumpokea, jimbo lilifungua shule ndogo ya weusi katika vyumba vya chini ya jengo mjini Austin. Oklahoma nayo ilimpokea George McLaurin, mwalimu mtu mzima, lakini ikamweka peke yake pembeni, na katika maktaba na chumba cha kulia akatengewa meza yake.

Marshall na wenzake katika chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, walishinda kesi zote mbili siku moja, Juni 5, 1950. Sweatt aliingia chuoni mwaka huo, lakini miaka ya kungoja ilikuwa imemchosha. Afya ilidhoofika, ndoa ikavunjika, na mwaka 1952 akaacha bila kumaliza.

Baada ya hapo Marshall aliamua kushambulia utengano wenyewe katika shule za watoto. Kesi tano kutoka sehemu mbalimbali ziliunganishwa na kujulikana kwa jina la Brown, baba wa Linda Brown wa Topeka, Kansas. Binti huyo alivuka njia za reli kwenda kusubiri basi la shule ya weusi, wakati shule ya weupe ilikuwa jirani na kwao.

Kesi ya Kaunti ya Clarendon, South Carolina, ilianzia kwenye basi. Watoto weupe walikuwa na mabasi 30 ya shule, weusi hawakuwa na hata moja. Wazazi waliomba basi wakanyimwa, wakachanga na kununua bovu lililoharibika mara kwa mara. Waliposaini malalamiko, Harry Briggs alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta, na mkewe Eliza naye akafukuzwa. Nyumba ya mchungaji Joseph DeLaine, aliyewaongoza, ilichomwa moto.

Mei 17, 1954, majaji wote tisa walikubaliana kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja Katiba. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote katika maisha ya Marshall. Lakini mwaka uliofuata Mahakama hiyo hiyo ilipoeleza utekelezaji, haikuweka tarehe ya mwisho. Majimbo ya kusini yakatumia mwanya huo.

Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie sekondari ya Little Rock. Rais Eisenhower akalazimika kupeleka jeshi kuwasindikiza. Mwaka 1958 Marshall alishinda tena katika Mahakama ya Juu, na gavana akajibu kwa kuzifunga sekondari za mji huo mwaka mzima.

Mabaya zaidi yalitokea Kaunti ya Prince Edward, Virginia. Mwaka 1951 wanafunzi wa huko, wakiongozwa na Barbara Johns mwenye umri wa miaka 16, waligoma kupinga shule yao mbovu. Kesi yao ilikuwa moja ya zile tano. Ilipofika wakati wa kutekeleza hukumu, mwaka 1959, kaunti ilifunga shule zote za umma.

Watoto weupe walihamia shule za binafsi kwa msaada wa fedha za umma. Zaidi ya watoto weusi 1,500 walikosa shule. Waliobahatika walipelekwa kwa ndugu wa mbali. Wengine walikaa nyumbani hadi shule zilipofunguliwa mwaka 1964, na waliokuwa wamefikisha umri wa kazi hawakurudi tena. Walishinda kesi, wakapoteza miaka mitano ya masomo.

Kufikia mwaka 1964, miaka kumi baada ya hukumu, ni watoto weusi wapatao 2 tu kati ya 100 huko kusini waliokuwa wakisoma pamoja na weupe. Kilichobadili hali ni fedha. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliruhusu serikali kuu kuzinyima fedha shule zinazobagua. Mwaka 1965 ukaja mpango wa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka wa kusaidia shule za watoto maskini. Wakuu wa elimu waliokuwa wamepuuza hukumu walianza kuandikisha watoto.

Jina la Marshall lina nafasi pia katika historia ya Afrika Mashariki. Januari 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alifika Nairobi, kisha akaenda London kama mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya Lancaster House. Huko aliandika rasimu ya haki za raia.

Rasimu hiyo ilitaja elimu kuwa haki. Ilisema pia kwamba mtu akichukuliwa ardhi yake lazima alipwe fidia ya haki, na asiporidhika aende mahakamani. Wakati huo wenye hofu walikuwa walowezi wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kiasia, na Marshall aliwatetea kwa hoja zile zile alizowatetea weusi kwao: walio wachache wanahitaji sheria ya kuwalinda, hata kama ni wao waliokuwa juu jana.

Katiba ya uhuru ya Kenya haikubeba haki ya elimu. Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja wa nyongeza wakaandikishwa. Haki yenyewe iliandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, miaka 50 baada ya rasimu ya Marshall.

Rais Kennedy alimteua Marshall kuwa jaji wa mahakama ya rufaa mwaka 1961. Rais Johnson alimfanya wakili mkuu wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1965, na mwaka 1967 akamteua jaji wa Mahakama hiyo. Seneti ilimpitisha kwa kura 69 dhidi ya 11. Akiwa wakili alikuwa amesimama hapo katika kesi 32 na kushinda 29.

Kwenye kiti cha ujaji alishindwa mara nyingi. Mwaka 1973 wenzake watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Katiba ya Marekani hailazimishi Texas kuzipa shule za maeneo maskini fedha sawa na za maeneo tajiri. Marshall aliandika maoni marefu ya kupinga.

Ndugu msomaji uliyewahi kuvuka mpaka na watoto, kesi ya mwaka 1982 inakuhusu kwa karibu. Texas ilikuwa imetunga sheria ya kutowapa nafasi za bure watoto walioingia nchini bila vibali. Wilaya ya Tyler iliwatoza dola 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wazazi wao vibarua hawakuwa nacho. Kwa kura tano dhidi ya nne, Marshall akiwa kati ya watano, Mahakama iliamua kwamba mtoto hawezi kubebeshwa kosa la wazazi, na kwamba nchi haifaidiki kwa kulea kizazi kisichojua kusoma.

Mwaka 1988 basi lilirudi tena mahakamani. Familia moja maskini ya North Dakota, iliyoishi kilomita 26 hivi kutoka shuleni, ilishindwa kulipa dola 97 za basi kwa mwaka. Majaji watano waliona ada hiyo ni halali. Marshall alikuwa kati ya wanne waliopinga. Aliyewahi kutetea wazazi wa Clarendon hakuhitaji kuelezwa kwamba shule ya bure isiyofikika si ya bure.

Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Maryland kiliipa maktaba yake ya sheria jina la Marshall. Alikataa kuhudhuria sherehe. Alistaafu mwaka 1991 na kufariki Januari 24, 1993 akiwa na umri wa miaka 84, akiacha mjane, Cecilia, na wana wawili.

Maisha yake yanamfundisha mzazi kutouliza swali moja tu. Serikali inapotangaza elimu bure, au mahakama inapotoa hukumu ya kumpendeza, bado kuna ya kuuliza: inaanza lini, nani analipa nauli na sare, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa au aliyerudi na vyeti vya nchi nyingine ataandikishwa na nani, na akikataliwa mzazi aende ofisi gani. Majibu yanachelewa mara nyingi, na umri wa mtoto hausubiri. Wale wa Prince Edward hawakurudishiwa miaka yao mitano.