Miguu ya Livingstone katika milima ya Kabambare

Mwenye kutoka Kabambare kwenda Kasongo kwa miguu anajua: ni kupanda, kushuka, kuvuka mto, halafu kupanda tena. David Livingstone, daktari na mmisionari Mskoti aliyezaliwa 1813, alizipita njia hizo akiwa na zaidi ya miaka 55. Alitokea Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika, na Septemba 1869 akafika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Alikuwa anatafuta mto Lualaba. Aliamini ndio mwanzo wa Nile.

Katikati ya 1870 akasonga mbele na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Wengine walimkatalia. Matope na mito vikammaliza: vidonda vikamla miguu, akikanyaga chini damu inatoka. Akarudi Bambarre Julai, akabaki ndani karibu siku 80. Dawa iliyomsaidia ni malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, likasagwa na maji na kupakwa kwa unyoya.

Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, upande wa Kasongo. Mitumbwi ya kuendelea na safari hakuipata. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakapiga risasi sokoni, mamia wakafa, wengi wanawake. Aliona kwa macho yake. Akageuka, akapanda milima ileile, akafika Ujiji Oktoba akiwa mifupa mitupu.

Alikufa 1873 kule Zambia ya leo. Susi na Chuma walikuwa kati ya wale walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, pwani.