Joy Adamson: Kabla ya simba palikuwa na majani

WENGI wanapolisikia jina la Joy Adamson humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa porini. Wachache hujua kwamba miaka mingi kabla ya simba huyo, mkono wa mama huyu ulizoea kazi ya kimya zaidi: kuchora maua na majani ya Kenya, hadi mishipa yake midogo.

Alizaliwa Januari 20, 1910, mjini Troppau, ambao leo huitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi walimpa jina Friederike Viktoria Gessner. Akiwa kijana mjini Vienna alijifunza piano na uchongaji. Mwaka 1937 alisafiri kuja Kenya, na melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Walioana mwaka 1938. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemhimiza achore mimea.

Kazi hiyo ilihitajika. Mmea ukikaushwa na kubanwa kati ya karatasi ili uhifadhiwe, rangi yake hufifia na ua hupoteza umbo. Mchoro uliofanywa mmea ungali mbichi huyahifadhi hayo yote, mradi mchoraji awe mwaminifu.

Uaminifu huo hupimwa kwenye jani. Mishipa ya jani si pambo: hupitisha maji yatokayo mizizini, husafirisha chakula ambacho jani hutengeneza kwa mwanga wa jua, na hulishika jani lisilegee. Mpangilio wake pia ni kitambulisho. Mkulima wa Kiambere, katika nyanda kavu za Embu, anaweza kuliona hilo shambani mwake. Jani la mtama lina mishipa iendayo sambamba hadi nchani, ilhali la mkunde lina mishipa iliyosukana kama wavu. La mpapai nalo hutandaza mishipa mikubwa kutoka mahali pamoja, mithili ya vidole vya kiganja. Ukame unapopukutisha maua, mara nyingi jani ndilo hubaki kuutambulisha mmea. Mchoraji akiipanga mishipa kwa kubahatisha, amechora mmea usiokuwepo duniani.

Joy hakubahatisha. Michoro yake ilipamba vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Serikali ya kikoloni nayo ikamwajiri kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Jicho lililozoea kufuata mshipa wa jani sasa lilifuata shanga na mikunjo ya ngozi.

Wakati huo alikuwa mke wa George Adamson, afisa wa wanyamapori, aliyeolewa naye mwaka 1944. Mwaka 1956 George alileta nyumbani watoto watatu wa simba, mmoja wao akiwa Elsa. Kitabu juu ya Elsa kilichotoka mwaka 1960 kilimpa Joy umaarufu wa dunia nzima, na brashi ikabaki nyuma ya kalamu.

Elsa alizikwa Meru mwaka 1961, katika eneo ambalo baadaye lilikuwa mbuga ya taifa. Mto Tana, ukishapita Kiambere na nchi ya Tharaka, hupita kusini mwa mbuga hiyo. Huko Joy alirudi na duma aitwaye Pippa na kumfunza maisha ya porini. Mwaka 1969 ajali ya gari iliuumiza vibaya mkono wake wa kulia. Kwa mtu aliyeishi kwa piano na brashi, hilo lilikuwa pigo ambalo hakuna umaarufu ungeweza kulifidia.

Aliuawa Januari 3, 1980, huko Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ameraruliwa na simba. Uchunguzi ukathibitisha kwamba aliuawa na binadamu, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa.

Simba na duma aliowapenda walikwisha kufa kabla yake. Majani aliyoyachora hayakunyauka. Yamo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kila mshipa mahali pake, yakimsubiri yeyote atakaye kuujua mmea kwa hakika.