Kabla Ufute Hiyo Lipstiki, Cheki Story ya Siti binti Saad

Uko kejani Lurambi, Jumamosi jioni. Umejipaka lipstiki nyekundu, ile nyekundu ya ukweli. Kwa kioo umeweza, manze. Halafu unakumbuka stage: wasee wa boda, mama mboga wa kona, wale madem wa MMUST wasiokosa neno. Unaanza kuskia maneno hata hayajasemwa, ati midomo yako na hiyo rangi wapi na wapi, ati unajiona nani. Unachukua tishu.

Ngoja kwanza. Kuna dame mmoja wa Zanzibar aliyesemwa vibaya kukuliko, na ni vizuri umjue.

Alizaliwa kijiji cha Fumba karibu mwaka wa 1880. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila siku, na ni kweli familia yenu imetoka utumwani. Shule hakuenda. Mamake alikuwa mfinyanzi, na yeye ndiye alizungusha vyungu akiuza, huku akiimba ili wateja wamskie kutoka mbali.

Sasa skiza hii ya rangi. Enzi za utumwa Zanzibar, nguo ilikuonyesha wewe ni nani. Mtumwa wa kike alivaa kaniki, kitambaa cheusi cheusi hivi, bila viatu, kichwa wazi. Kujifunika na kujipamba vilikuwa vya wenyewe. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka wa 1897, wanawake wengi waliweka kaniki kando, wakaingia kwa kanga za rangi kali na maua makubwa. Usidhani walikuwa wanafuata fasheni tu. Kila mama aliyepita mtaani na kanga yake mpya alikuwa anatangaza kwamba yeye si mali ya mtu tena. Lipstiki haikuwa story yao, lakini hiyo vita ya rangi unaijua.

Mwaka wa 1911 msichana wetu akahamia mjini. Akafunzwa muziki, akajiunga na wanaume waliopiga vyombo, na akapata jina lingine: Siti, yaani bibi wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Wakati huo taarab ilikuwa ya ikulu, ikiimbwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa walalahoi alikoishi.

Mwaka wa 1928 akavuka bahari na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Wasee waliomjua kwa vyungu wakaanza kumskia kwa gramafoni.

Na hapo ndipo makasiriko yakaanza. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumchamba. Wakamkumbusha vile alikuja mjini na kaniki yake. Wakamwambia hana sura, hana ukoo, bila sauti angekula nini? Siti hakuwa mrembo wa kusimamisha magari, na hakudai kuwa. Angejifungia nyumbani alie. Badala yake alijibu kwa wimbo, na ukiutafsiri kwa lugha ya mtaa alikuwa anasema hivi: sura si hoja, ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Boom. Hao walionyamaza sijui majina yao, lakini la Siti unalisoma leo.

Mdomo huohuo uliochekwa haukuimba mapenzi peke yake. Kuna wimbo wake, Kijiti, kuhusu mwanamume aliyemnajisi na kumuua mama mgeni kutoka Dar es Salaam, kisha akatoroka, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wao. Siti alimtaja muuaji kwa jina na kuianika korti iliyokosea. Wakati wanawake maskini hawakuwa na pa kusemea, walikuwa na Siti.

Alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo mwandishi Shaaban Robert alikaa naye akamsimulia maisha yake, na kitabu kikatoka. Msichana ambaye hakuwahi kuingia darasani akawa anasomwa shuleni.

Sasa rudi kwa kioo. Sikwambii lipstiki itakupa confidence, kwa sababu hata Siti hakuipata kwa nguo. Alisimama mbele kwanza, akiwa na sura ileile, na watu wakazoea. Ukitaka kuifuta kwa sababu huipendi, futa, ni mdomo wako. Lakini kama ni kwa sababu ya wasee wa stage, weka hiyo tishu chini. Ongeza koti ya pili, beba simu, toka. Wakiongea, wewe pia una mdomo, na leo unaonekana vizuri sana.