Seyyid Said: Sultani aliyeusimamisha uchumi wa Zanzibar juu ya karafuu

Uchumi wa nchi husimama juu ya sekta zake kuu, na nguvu yake hupimwa kwa namna sekta hizo zinavyobebana. Zanzibar ya karne ya 19 haikuwa na viwanda vya kutajwa, lakini ilikuwa moja ya masoko makubwa ya Bahari ya Hindi. Anayehusishwa zaidi na ustawi huo, na pia na udhaifu uliojificha ndani yake, ni Sultani Seyyid Said bin Sultan.

Said alizaliwa Samail, Oman, mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 na kuacha ugomvi wa madaraka. Akisaidiwa na shangazi yake, Moza binti Ahmad, Said alimuua jamaa yake Badr bin Saif mwaka 1806 na kushika utawala akiwa bado kijana. Oman ilikuwa nchi kame yenye tende na samaki, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na ushuru wa bandari ya Muscat. Kwa hiyo, tangu mapema alijua kwamba hazina yake ilitegemea meli.

Alifika Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alikuta kisiwa chenye maji, udongo mzuri na bandari salama inayofikiwa kwa upepo wa kaskazi na kuachwa kwa upepo wa kusi. Miaka iliyofuata alihamishia makao yake Unguja, na mwaka 1837 akaitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui.

Biashara na forodha

Nguzo ya kwanza ya uchumi wake ilikuwa biashara. Mwaka 1833 alitia saini mkataba na Marekani, mwaka 1839 na Uingereza, na mwaka 1844 na Ufaransa. Wafanyabiashara wa nje waliruhusiwa kuuza na kununua kwa kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoingiza. Hata hivyo, katika mkataba wa Uingereza alihakikisha kwamba biashara ya pembe za ndovu na sandarusi kwenye pwani ya Mrima inabaki mikononi mwa watu wake.

Meli za Wamarekani kutoka Salem zilileta kitambaa cha pamba, ambacho hadi leo huitwa marekani. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilikibeba kitambaa hicho pamoja na ushanga, na kurudi na pembe. Mwaka 1840 Said alituma meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York, ikiwa na pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi.

Nguzo ya pili ilikuwa forodha. Sultani hakukusanya ushuru kwa watumishi wake. Alimkodisha kazi hiyo Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi, ambaye alilipa kiasi maalumu kila mwaka na kubaki na ziada. Serikali ilipata fedha za uhakika bila gharama ya utawala, lakini mwenye forodha aligeuka pia kuwa mkopeshaji mkuu wa wafanyabiashara na wa Sultani mwenyewe.

Karafuu yachukua ardhi

Nguzo ya tatu, na inayokumbukwa zaidi, ni kilimo cha karafuu. Zao hilo halikuletwa na Said. Lilifika mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na wanahistoria wengi humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyelileta. Said alimnyang'anya mashamba yake, kisha akalipanua zao hilo kwa nguvu ya dola. Inasimuliwa kwamba mwenye shamba alitakiwa kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyetii alihatarisha ardhi yake.

Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Bei ilipokuwa juu, kila mwenye uwezo alipanda. Miti yote ilipoanza kuzaa katika miaka ya 1840, soko lilijaa na bei ikashuka. Aidha, ardhi iliyotoa chakula ilipungua. Pemba, iliyokuwa ikiuza mpunga nje, ilizidi kuwa kisiwa cha mikarafuu, na Zanzibar ikazidi kutegemea chakula cha kununua.

Gharama kubwa zaidi ilibebwa na watu. Karafuu huchumwa kwa mkono, tumba kwa tumba kabla halijachanua, kisha huanikwa juani. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Mikataba ya 1822 na 1845, ambayo Uingereza ilimshinikiza Said kuitia saini, ilibana usafirishaji wa watumwa kwenda nje ya himaya yake. Matokeo yake, wengi zaidi walibakizwa kwenye mashamba ya visiwani. Faida ya mwenye shamba ilitegemea kazi isiyolipwa, na utumwa uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897.

Alichoacha

Said alifariki dunia baharini karibu na Shelisheli, Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Wanawe waligombania himaya, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliamua igawanywe. Zanzibar ilibaki kwa Majid, kwa sharti la kuilipa Oman reale 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu, lakini karafuu ikaendelea kuwa tegemeo la fedha za kigeni. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu, ilipoanza kujitosheleza katika miaka ya 1980, bei iliporomoka na pato la visiwa likaporomoka nayo.

Sasa utalii ndio unaoongoza kwa kuingiza fedha za kigeni, huku mchele mwingi unaoliwa visiwani ukitoka nje. Maisha ya Said yanaonyesha kwamba mtawala anaweza kujenga sekta mpya ndani ya kizazi kimoja akiwa na soko, mikataba na ardhi. Yanaonyesha pia kwamba sekta inayokua kwa kula nyingine huiacha nchi bila akiba siku soko linapogeuka. Wanaopanga matumizi ya ardhi ya visiwa leo, iwe kwa hoteli au kwa viungo, wana sababu ya kuuliza mpunga utalimwa wapi.