Mohamed Amin na mkono wa fokasi

Swali linalotufikia sana kutoka kwa vijana wanaopiga video za harusi, kipaimara na mahafali huku Mlali ni hili: ninunue rigi gani ya kubebea kamera begani, na lile gurudumu la kuzungushia fokasi lina kazi kweli au ni la kuringia tu? Tungeweza kuwaelekeza Kariakoo na kumaliza. Lakini yupo mtu wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kuliko muuzaji yeyote. Alibeba kamera kwa zaidi ya miaka 30, akapoteza mkono wa kushoto, ambao ndio mkono wa fokasi, kisha akarudi kazini. Huyo ni Mohamed Amin. Wenzake walimwita Mo.

Alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam Mo akiwa bado mtoto. Kwa hiyo Wakenya wanapomtaja kama wao, nasi tuna haki ya kunyoosha kidole kidogo. Kusoma alisomea Dar es Salaam, na kamera aliishikia Dar es Salaam.

Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba, aliyoipata akiwa na miaka kama 11. Wasioijua, hicho ni kisanduku chenye lenzi na kitufe. Fokasi ya kuzungusha hakina. Ukitaka picha iwe kali, unasogea wewe mwenyewe, mbele au nyuma, mpaka umbali ukubali. Sidhani kama kuna shule bora zaidi kwa mtu atakayekuja kupiga picha za habari, maana miguu inajifunza kazi kabla ya vidole.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 20, alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya picha aliyoiita Camerapix. Miezi michache baadaye, Januari 1964, mapinduzi yalitokea Zanzibar, na Mo akawa miongoni mwa waliowahi kuvuka bahari na kurudi na picha. Jina lake likaanza kujulikana kwenye mashirika ya habari ya nje. Zanzibar hiyohiyo ilikuja kumwadhibu. Mwaka 1966 alikamatwa huko, akawekwa gerezani siku 27 na kuteswa, kisha akafukuzwa. Akahamia Nairobi, na Camerapix ikahama naye.

Huko Nairobi, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji. Mo alifika mapema kiasi cha kurekodi jitihada za kumwokoa, na kazi hiyo ikampa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza. Baada ya hapo orodha ni ndefu: Uganda ya Idi Amin, vita vya Pembe ya Afrika, hija ya Makkah, na vitabu vingi vya picha, kikiwemo kimoja cha mwaka 1984 kuhusu safari ya kuizunguka Tanzania. Tuviache, tuende Korem.

Oktoba 1984 Mo alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Mike Wooldridge wa redio ya BBC alikuwa nao pia, na nalitaja hili kwa sababu watu hudhani habari ile ilikuwa ya televisheni peke yake. Pale Korem, alfajiri yenye baridi ya milimani, maelfu ya watu walikuwa wamelala uwanjani wakisubiri chakula, na wengine walikuwa wameshakufa usiku. Mo alipita kati yao na kamera yake. Ukiitazama filamu ile leo unaona jinsi inavyosogea polepole, haitikisiki, haikimbilii uso mpya kabla haijamaliza ule wa kwanza. BBC iliirusha tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Kwenye Krismasi ya mwaka huo wanamuziki wa Uingereza walikuwa wameshatoa wimbo wa kuchangia, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid kule London na Philadelphia.

Yapo maneno mengi kuhusu misaada ile, iliyofika na isiyofika, na kuhusu vita vya serikali ya Mengistu vilivyoizidisha njaa. Hilo halimwondolei Mo kitu. Kabla ya picha zake njaa ilikuwa inajulikana kwa wahusika na dunia imekaa kimya. Baada yake haikuwezekana tena kukaa kimya.

Juni 1991 alirudi Ethiopia. Mengistu alikuwa amekimbia wiki mbili hivi kabla. Ghala la silaha lilishika moto jijini Addis Ababa, timu ikaenda kurekodi, na mlipuko mwingine mkubwa ukawakuta pale. Mtu wa sauti, John Mathai, aliuawa. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Sisi wa redio tunapolisimulia tukio hili tumtaje Mathai kwanza, kwa sababu mtu wa sauti ndiye husahaulika, na yeye hakurudi nyumbani.

Hapa ndipo tunapolifikia swali la vijana. Kamera za habari za wakati ule zilitengenezwa kukaa begani zenyewe. Betri ilikuwa nyuma, lenzi mbele, uzito ukatua katikati ya bega. Mkono wa kulia uliingia kwenye mkanda wa pembeni ya lenzi: kidole gumba kwenye kitufe cha kurekodi, vidole vingine kwenye zumu. Mkono wa kushoto ulibaki huru kuzungusha duara la fokasi na lile la mwanga. Mpiga picha asiye na mkono wa kushoto anaweza kubeba na kurekodi, ila mtu akimsogelea, sura inapotea ukungu na hana cha kuishikia.

Mo alifungiwa Marekani mkono bandia unaoendeshwa kwa umeme, akafanya mazoezi, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena na kamera begani. Wengi walikuwa wamemhesabu kuwa amestaafu.

Sasa geukia kamera ndogo unazotumia wewe. Hizi zilizaliwa kwa picha za mnato. Ukiishika mkononi inaning'inia mbele ya uso, na uzito wote unavuta viganja. Rigi ni jaribio la kuirudishia kamera hiyo bega la kamera ya Mo: pedi ya bega, fito mbili, vishikio, na uzito wa kusawazisha nyuma. Rigi nyingi za bei nafuu zinakosea hapo mwisho, haziji na uzito wa nyuma kabisa. Kabla hujalipa, ivae na kamera na lenzi yako mwenyewe, kisha legeza viganja huku umeikinga kwa chini. Ikiinamia mbele, basi kazi yote bado iko mikononi mwako na umenunua fito tu. Dawa ni rahisi: betri ya akiba au kifuko cha mchanga kifungwe nyuma. Simama nayo dakika kumi dukani, hata muuzaji akikuna kichwa. Ibada ya ndoa haiishi kwa dakika kumi.

Fito ziwe za unene wa milimita 15. Hicho ndicho kipimo ambacho vifaa vingi vinafuata, hivyo ukinunua kipande kutoka duka lingine kitaingia. Skrubu za plastiki zinazokaza fito huliwa mapema. Za chuma zinadumu, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea nyingine. Wapo waliojitengenezea rigi kwa mabomba ya plastiki ya maji, na kama uzito umekaa sawa sioni kwa nini wachekwe.

Gurudumu la fokasi lina mambo yake. Linakaa kwenye fito, meno yake yanashika mkanda wenye meno uliozungushiwa lenzi, na pembeni lina kisahani cheupe cha kuweka alama kwa kalamu: hapa bwana harusi mlangoni, hapa akifika madhabahuni. Ugonjwa wa yale ya bei ya chini ni ulegevu. Unazungusha, lenzi inachelewa kidogo kabla ya kufuata. Lipime kwa kulitikisa mbele na nyuma kwa kidole. Pia iangalie lenzi yako. Lenzi nyingi za kisasa zinaongoza fokasi kwa umeme. Duara lake linazunguka bila kufika mwisho, na alama uliyoweka haitaaminika ukirudi. Lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono, zenye mwanzo na mwisho, ndizo zinazoelewana na gurudumu.

Halafu lipo jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi. Rigi inakupa vishikio viwili kwa mikono miwili. Nani atazungusha fokasi? Ama uondoe kishikio cha kushoto, ama ulisogeze gurudumu mahali ambapo kidole kinafika bila kuachia. Mwenye hela ya kitu kimoja, ushauri wangu ni anunue rigi iliyosawazika, gurudumu lisubiri. Bega likitulia, mkono wa kushoto unaweza kuzungusha lenzi yenyewe, kama ilivyokuwa kawaida kwa wapiga picha wa kizazi cha Mo.

Mo mwenyewe alifanya kazi kwa mkono ule bandia kwa miaka mitano. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, akiwa na mwandishi mwenzake wa muda mrefu, Brian Tetley. Ndege ilitekwa na watu watatu waliotaka iwapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakukubali. Manusura walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama akijadiliana na watekaji hadi dakika za mwisho. Ndege iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwa kati yao.

Picha za ndege ile ikigusa maji na kupasuka zilirekodiwa na mtalii aliyekuwa kwenye fungate pale ufukweni, kwa kamera ndogo ya mkononi. Zilionyeshwa duniani kote.