Louis Pasteur na Chumvi ya Mikono Miwili

Neno lililoandikwa kwenye pakiti nyingi za maziwa limetokana na jina la mtu huyu. Lakini kazi yake ya kwanza haikuhusu maziwa. Ilihusu divai.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 huko Dole, Ufaransa, mtoto wa mtengeneza ngozi. Utotoni alikuwa hodari wa kuchora. Alisomea katika chuo cha walimu mjini Paris, kwa hiyo sisi walimu tunamhesabu kuwa mwenzetu.

Divai ikikaa huacha ukoko mgumu ndani ya pipa. Katika ukoko huo mna asidi ya tartariki. Ukipitisha ndani ya maji yake nuru iliyochujwa ili itikisike upande mmoja tu, nuru hugeukia kulia. Lakini ilikuwapo asidi nyingine, yenye viambato vilevile, ila haikugeuza nuru hata kidogo. Mabingwa walishindwa kueleza.

Mwaka 1848 Pasteur, kijana wa miaka 25, alitazama kwa hadubini fuwele za chumvi ya asidi hiyo ya pili. Akaona ni za namna mbili, kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Basi akaketi akazitenga moja moja, kama akina mama wachaguavyo mawe katika maharage. Fungu moja liligeuza nuru kulia, la pili kushoto. Zikichanganyika sawasawa, zinafutana. Mzee Biot, bingwa wa nuru, mwenye miaka 74, hakusadiki, akamtaka arudie kazi yote mbele yake. Akarudia.

Baadaye aliona kuvu iliyomea katika mchanganyiko ule ikila asidi ya kulia na kuiacha ya kushoto. Akashika wazo ambalo hakuliacha tena: uhai huchagua mkono mmoja. Alitafuta sababu kwa sumaku, na kwa kugeuza mwanga wa jua juu ya mimea. Hakuipata.

Kati ya watoto wake watano, watatu walikufa wadogo, kati ya 1859 na 1866. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, na mkono ule haukupona. Hata hivyo mwaka 1885 alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Leo tunajua kwamba protini za miili yetu, za mahindi na za kuku, hujengwa kwa asidi amino za kushoto, na sukari iliyomo katika vinasaba ni ya kulia. Kwa nini isiwe kinyume, bado hakuna ajuaye. Wengine hutafuta jibu katika mawe ya angani. Jiwe moja lilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, nalo lilikutwa na asidi amino. Lakini zilizo nyingi humo ni zile nyepesi kabisa, zisizo na kushoto wala kulia.