N. F. S. Grundtvig: Mchungaji Aliyeitafutia Shule Lugha ya Wakulima

Ni nadra mtafiti wa elimu ya watu wazima kufika mbali bila ya kukutana na jina la Nikolaj Frederik Severin Grundtvig, mchungaji, mshairi na mwanahistoria wa Denmark. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuwa mwalimu wa kudumu katika vyuo vilivyotokana na fikra zake. Yeye alitoa wazo. Wengine ndio waliolijengea kuta na paa.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1783 katika kijiji cha Udby, babake akiwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1798 aliingia shule ya Kilatini mjini Aarhus. Miaka miwili aliyokaa huko ilimtia uchungu usiomtoka hadi uzeeni, kwani wanafunzi walikaririshwa kanuni za lugha ambayo hapana mama aliyembembelezea mtoto wake. Baadaye aliihesabu shule ya namna hiyo kuwa ya mauti, akatamani nyingine iliyo ya uhai.

Isidhaniwe kwamba alikichukia Kilatini kwa kuwa kilimshinda. La hasha! Ni Kilatini hichohicho kilichomwezesha kuitafsiri historia ya Denmark iliyoandikwa na Saxo Grammaticus yapata mwaka 1200, ili mkulima aisome kwa lugha ya nyumbani kwake. Aidha, mwaka 1820 alichapisha tafsiri ya Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale. Ugomvi wake ulikuwa na mazoea ya kuifanya lugha ngeni kuwa lango la pekee la elimu, huku umma ukiachwa uani.

Mwaka 1825 alimshambulia kwa maandishi Profesa H. N. Clausen kuhusu masuala ya dini. Alishtakiwa, akashindwa, na maandishi yake yakawekwa chini ya udhibiti wa serikali hadi mwishoni mwa miaka ya 1830. Mlango mmoja ulipofungwa, alipita mwingine. Kwa ruzuku ya mfalme alizuru Uingereza mara tatu kati ya 1829 na 1831 kuchunguza miswada ya kale. Huko Trinity College, Cambridge, aliwaona walimu na wanafunzi wakiishi pamoja, wakila na kujadiliana nje ya vipindi. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Akaanza kuwaza chuo ambamo vijana wa mashambani wangekaa pamoja na kujifunza historia, ushairi, nyimbo na mambo ya nchi yao kwa neno la kinywa, kwa Kidenmark, bila mtihani wala cheti.

Bila mtihani! Msomi aliyelelewa na mitihani tangu darasa la kwanza ana haki ya kutia shaka. Hoja ya Grundtvig ilikuwa kwamba mtihani humtaka kijana ajibu kuhusu maisha ambayo bado hajayaishi. Isitoshe, tangu 1835 wakulima walikuwa na viti katika mabaraza ya kumshauri mfalme, na mshauri asiyeweza kuzungumza ni pambo tu.

Mfalme Christian wa Nane aliridhia chuo kama hicho kianzishwe Sorø, lakini alifariki Januari 1848 na mpango ukazikwa naye. Hata hivyo, kufikia wakati huo chuo cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Rødding mwaka 1844, katika jimbo la Schleswig ambako Kidenmark kilisukumana na Kijerumani. Mwaka 1851 Kristen Kold, mwana wa fundi viatu, alifungua chake Ryslinge. Baada ya Denmark kushindwa vitani mwaka 1864, vyuo hivi vilienea kwa kasi.

Grundtvig hakukosa dosari. Mapenzi yake kwa Kidenmark mara nyingi yaliandamana na uadui mkali dhidi ya Wajerumani. Vilevile, alikuwa mjumbe wa bunge lililotunga katiba ya 1849, lakini kura ilipopigwa, yeye hakuipigia. Watetezi wake huipita habari hii mbiombio.

Wazo lake lilivuka hadi Uswidi mwaka 1868. Kutoka Uswidi lilifika Afrika Mashariki, pale Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975 kwa msaada wa nchi hiyo. Lugha ya kufundishia ikawa Kiswahili, jambo ambalo angelifurahia. Ila useremala, uashi na ushonaji vilipewa nafasi kubwa kuliko historia na nyimbo alizozipigania.

Tangu 1839 Grundtvig alihudumu katika kanisa la hospitali ya Vartov, Copenhagen. Aliendesha ibada yake ya mwisho Jumapili tarehe 1 Septemba 1872, akafariki kesho yake, zikiwa zimebaki siku sita atimize umri wa miaka 89.